Stakabadhi za Bariadi

Safari ile haikuanza na wazo la mtu. Ilianza na mstari wa bajeti. Mfadhili wetu alikuwa ametenga fungu la kujenga mshikamano wa timu, na fungu lenyewe lilikuwa na tarehe ya kufa: Septemba ikiisha halijatumika, fedha zinarudi zilikotoka. Mhasibu wetu ndiye aliyeligundua, Julai 2019, akatutangazia kwenye kikao cha Jumatatu kwa sauti ileile aliyozoea kututangazia kwamba umeme wa LUKU unakaribia kuisha. Mkuu wetu alisimama kabisa kwa furaha. Mwaka ule maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalikuwa yanafanyika tena Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi, na sisi tulikuwa tumeshapewa meza kwenye banda moja la vijana. Basi yote yakaunganishwa: maonesho, semina, na kuvitembelea vyama vilivyokuwa vinaijaribu programu yetu.

Ofisi yetu ilikuwa Kirumba, Mwanza, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya bodaboda. Tulikuwa kampuni changa ya vijana, mkubwa wetu akiwa hajafika miaka thelathini, na bidhaa yetu ilikuwa programu ya kuandika pamba inapopimwa. Karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, anaweka mzigo kwenye mizani, anaingiza kilo kwenye tableti, mkulima anapata ujumbe kwenye simu: umepimiwa kilo kadhaa, daraja fulani, unadai shilingi kadhaa. Tangu msimu wa 2018 serikali ilikuwa imeelekeza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, na vyama vingi vilikuwa na daftari, kalamu ya mkopo na karani mmoja aliyechoka. Tukaona hapo pana riziki. Mimi nilikuwa mtu wa uwanjani. Kazi yangu ilikuwa kukaa na hao makarani, kuwafundisha kubonyeza, na kuwasikiliza wakilalamika kwamba jua likiwa kali kioo cha tableti hakionekani.

Ukutani kwetu paliandikwa kwa rangi ya kijani kwamba sisi ni familia. Mshahara wa Juni ulikuwa haujaingia, na wa Julai ulikuwa unaelekea kuufuata.

Tuliondoka alfajiri kwa Noah ya kukodi, mwezeshaji akiwa kiti cha mbele. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kwa ndege jana yake, kijana mtanashati mwenye begi la magurudumu lililojaa kalamu za wino mzito na karatasi za kunata. Njiani alitaka kujua jina la kila mlima. Ukitoka Mwanza kwa njia ile, mawe yanakuaga taratibu: Igoma, Kisesa, pale Bujora na makumbusho yake ya Wasukuma yakiwa kando tu, halafu nchi inafunguka. Wilayani Magu tukavuka mto Simiyu, ambao mkoa umeuazima jina lake, ukiwa umebaki michirizi kama ilivyo kila Agosti. Nyashimo, kisha Lamadi. Hapo barabara kubwa inaendelea kwenda Musoma, ikipita lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Wa Bariadi wanakata kulia.

Baada ya Lamadi ndipo unapoingia nchi ya pamba hasa. Udongo wa mbuga ulikuwa umekauka na kupasuka nyufa za kuingia mkono. Mashamba yalikuwa yamebaki mabua. Kando ya lami, kilometa kwa kilometa, nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye miiba na kwenye minyaa ya maboma, zilizodondoka kwenye malori na mikokoteni. Kijana wetu wa programu, mzaliwa wa Temeke, alikuwa hajawahi kuiona pamba isiyo ya duka la dawa. Akaomba tusimame achume kidogo kwenye mwiba. Halafu akauliza swali ambalo kila mgeni wa Bariadi huuliza akishazoea gari: Gamboshi iko wapi?

Dereva akacheka. Gamboshi ni kijiji cha wilaya ya Bariadi, na sifa yake nchi nzima ni kwamba ndiyo makao makuu ya wachawi. Husimuliwa kwamba usiku hugeuka jiji la maghorofa na taa. Mhasibu wetu, ambaye kwao ni Maswa, hakucheka. Alisema watu wa Gamboshi wanalima pamba kama wenzao, na mwaka huu hawajalipwa kama wenzao, na kama kweli wangekuwa na uwezo huo wangeanza na wanunuzi. Ndani ya gari pakawa kimya mpaka Dutwa.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa habari ya mkoa mzima. Msimu ulipofunguliwa Mei, bei elekezi ilitangazwa kuwa Sh 1,200 kwa kilo. Muda si mrefu bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakaanza kusita, na waliokwisha kuchukua pamba wakawa wazito kulipa. Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa pamba. Ikikwama pamba, huko kunakwama ada, harusi, mabati na bia. Mkoa wenyewe ulikuwa bado mchanga, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, na Bariadi ilikuwa bado inajifunza kuwa makao makuu: majengo mapya ya serikali yanang'aa, katikati yake mbuzi wanavuka. Mkuu wa mkoa wa wakati ule, Anthony Mtaka, alikuwa anahubiri kila wilaya na bidhaa yake, kila bidhaa na kiwanda chake, na kweli vijana wa Maswa walikuwa wanatengeneza chaki na wa Meatu wanasindika maziwa. Na kwa siasa za fedha Bariadi ina historia yake. Ndiko anakotoka John Cheyo wa UDP, mgombea urais wa mwaka 1995, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Mapesa.

Gesti zote zilikuwa zimejaa na bei zimepanda kwa ajili ya Nane Nane. Tulilala wawili wawili. Maji yalikuja kwa ndoo. Asubuhi tukaingia kwenye ukumbi wa kanisa moja uliokodishwa kwa kazi yetu, wenye mabenchi marefu, feni moja, na ubao mweusi ambao kwaya ilikuwa imeandikia noti zake na kuomba kwa herufi kubwa zisifutwe.

Mtanzania yeyote aliyewahi kupita karibu na mradi anaijua semina. Semina ina chai ya saa nne, sambusa na andazi. Ina maji ya chupa na fomu ya mahudhurio yenye safu ya saini. Ina mwenyekiti, katibu na mtunza muda, wanaochaguliwa kana kwamba tunaunda serikali. Simu ziwe kwenye mtetemo, tuheshimiane, hakuna jibu baya. Mtu akijibu vizuri anapigiwa makofi ya mvua: kidole kimoja, viwili, vitatu, mpaka kiganja kizima na radi juu yake. Nasema haya bila dharau. Nimejifunza mambo mengi ya maana kwenye semina, na nimekula sambusa nzuri. Ila sisi tulikuwa watu sita tunaokaa chumba kimoja mwaka mzima, na kuchagua mwenyekiti miongoni mwetu, mbele ya mkuu wetu aliyekaa benchi la mbele akitabasamu, kulinitia haya kidogo. Tukamchagua yeye.

Kukabandikwa karatasi mbili ukutani, moja ya matarajio na nyingine ya hofu. Kila mtu aliandika kwenye vikaratasi vya kunata bila kuweka jina. Matarajio yalijaa haraka: tufahamiane, tuwasiliane vizuri, tufurahi. Kwenye hofu kulikuwa na joka, kulikuwa na Gamboshi, na kikaratasi kimoja chenye neno moja tu, mshahara. Mwezeshaji alikisoma kimoyomoyo, akakibandika chini kabisa, akaendelea.

Kisha akatuchorea hatua nne za Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1965 kwamba kundi lolote kwanza huundwa, halafu huvurugana, halafu huelewana, ndipo hufanya kazi. Akauliza sisi tumefika hatua gani. Mkuu wetu akasema ya nne. Kijana wa programu akasema ya nne. Dada wa mauzo akasema inategemea siku. Mhasibu akasema hatua hazimo kwenye majukumu yake.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa mnara. Huo umeenea duniani: aliubuni Peter Skillman, akautangaza Tom Wujec mwaka 2010, na sifa yake ni kwamba watoto wa chekechea huwashinda wasomi wa biashara. Unapewa tambi ishirini mbichi, selotepu na uzi, ujenge mnara wa kusimama wenyewe na juu yake uweke kipande cha peremende laini nyeupe za Kizungu. Peremende hizo zilisahaulika Dar es Salaam, na Bariadi nzima hazikuwepo. Mwezeshaji akaagiza tutumie andazi. Sasa andazi la mama lishe wa Bariadi ni chakula cha mtu anayekwenda shamba. Tambi zilipinda kabla hatujaondoa mkono. Kundi la kina dada likagundua kulikata andazi, wakaweka kipande cha ukubwa wa ukucha, mnara ukasimama. Mkuu wetu akalalamika kwamba si andazi tena. Ubishi uliofuata, wa kuamua andazi linaanzia wapi, ulikuwa mkali kuliko kikao chochote tulichowahi kufanya kuhusu bidhaa yetu, na kwa kweli ndio muda niliowapenda wenzangu kuliko wakati mwingine wote wa safari ile. Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Baada ya chai ikaja zamu ya kuaminiana. Utaratibu wake ni kwamba mtu anapanda juu ya benchi, anawapa wenzake mgongo, anafumba macho, anakunja mikono kifuani na kujiachia chali. Wenzake wamesimama mistari miwili, mikono mbele, wanamdaka. Mkuu wetu alianza. Ni mtu wa mwili, tukayumba, tukamdaka. Akainuka ana machozi ya kweli. Akafuata kijana wa programu, mwepesi, kisha dada wa mauzo baada ya kuvua viatu na kutuapisha. Ikafika kwa mhasibu. Akapanda. Lakini badala ya kutupa mgongo alibaki ametutazama.

"Mimi nitajiangusha mshahara wa Juni ukishaingia," akasema, akashuka.

Hakusema kwa hasira. Aliketi, akatengeneza khanga yake, akafungua chupa ya maji. Mama lishe alikuwa anapita na hotpoti la pilau kwenda nalo meza ya nyuma. Akasimama akatutazama, halafu akauliza, wala si kwa ubaya: "Kumbe na nyie wa kompyuta hamlipwi?"

Mwezeshaji akatangaza mapumziko kabla ya wakati.

Alasiri tulikwenda kijiji kimoja cha upande wa Dutwa, kwenye chama kilichokuwa kinatumia programu yetu tangu msimu uanze. Ghala lilikuwa limejaa pamba mbegu mpaka kwenye kenchi. Sijui kama umewahi kuingia ghala la pamba iliyojaa namna hiyo: sauti inakufa, unaongea na mtu aliye hatua tatu na unamsikia kwa taabu, na joto linatoka ndani ya lundo lenyewe. Karani, kijana mwenye kofia ya sufi katika jua lile, alituonesha tableti kwa fahari. Alikuwa ameitengenezea kivuli cha boksi la sabuni ili kioo kionekane. Wazo ambalo sisi ofisini tulilizungusha kwa wiki, yeye alilimaliza kwa kisu na gundi. Pembeni yake lilikuwepo daftari la zamani, limeandikwa mpaka siku ileile. Nikamuuliza kwa nini anaandika mara mbili. "Hili," akagonga daftari, "wazee wanalijua."

Nje, chini ya mwembe, walikuwa wamekaa wakulima waliosikia kwamba wamekuja watu wa mjini na gari. Mhasibu aliwaamkia kwa Kisukuma, mwadila, wakaitikia kwa furaha, wakampa kiti. Sisi tukapewa gogo. Mkuu wetu akaeleza programu: uwazi, rekodi, ujumbe wa simu, kila mtu kujua haki yake. Alieleza vizuri, kipaji hicho anacho. Mama mmoja akatoa simu ya vitufe kwenye pindo la kitenge, akampa mhasibu amsomee ujumbe wetu. Alikuwa amepimiwa kilo 214, daraja A, anadai Sh 256,800. Ujumbe huo tulikuwa tumeupanga ujirudie kila wiki mpaka deni lilipwe, tukiona ni huduma.

"Nasomewa na mtoto kila Jumamosi," mama akasema kwa Kiswahili, polepole, ili na sisi tusikie. "Kwamba nadai. Mimi nilijua nadai tangu siku niliyopima. Hiyo mashine yenu haina ya kulipa?"

Walicheka wote, na kicheko chenyewe hakikuwa cha kutukejeli. Kijana wa programu aliandika kwenye simu yake: ujumbe usijirudie. Hilo ndilo badiliko pekee la kitaalamu lililotokana na safari ile, na lilikuwa zuri.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote, karani mstaafu wa chama kikuu cha ushirika cha Nyanza, akatuita karibu. Alitaka kujua tableti inajuaje kwamba mizani ni ya kweli. Tukamwambia haijui, inaandika tu anachoingiza karani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitarajia, akatusimulia ambayo baba yake aliyaona. Zamani zile pamba ilipimwa kwa ratili, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima anaambiwa ratili zake, anapokea, anaondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukumani wakachoka, wakaajiri wapimaji wao wenyewe wa kukaa sokoni na kuupima mzigo upya. Hapo ndipo vyama vilipochipukia, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho lao, Victoria Federation of Cooperative Unions, lililoongozwa na Paul Bomani. Likawa moja ya mashirika makubwa ya ushirika Afrika nzima. Mzee aliingia kazini kijana, akaona vyama vikuu vikivunjwa na serikali mwaka 1976, akaviona vikirudishwa miaka ya themanini, akaviona vikidhoofika tena kwa madeni.

"Baba yangu mpimaji alimlipa," akasema. "Senti kwa kila mzigo. Alikuwa anatoa kabla hajapata zake. Akasema huyu akikosa kula leo, kesho atakula kwa mnunuzi."

Mkuu wetu alikuwa anachora kwa kijiti mchangani. Sikuweza kumwona uso.

Kesho yake tukashinda Nyakabindi. Meza yetu ilikuwa kati ya kikundi cha ufugaji wa nyuki na vijana waliokuja na chaki za Maswa. Mwezeshaji akanunua boksi zima, akasema yale masuala ya karatasi za ukutani sasa basi. Watu walikuja wengi, wakachukua vipeperushi vyetu, wengine kwa ajili ya kufungia karanga. Jioni uwanjani zilipigwa ngoma. Kulikuwa na makundi ya ngoma ya Bagalu na Bagika yakishindana kama desturi yao, na kulikuwa na bugobogobo: wachezaji wanainua majembe pamoja, wanayarusha, wanayadaka, mguu unaanguka mmoja. Mwezeshaji alisisimka. Akatuambia hii, jamani, ndiyo semina ya mababu. Vijana wanalima shamba la mtu kwa ngoma, kwa umoja, bila kuambiwa. Alitaka tuiingize kwenye ripoti.

Yule mzee alikuwa amekuja naye kwenye maonesho, tukamkaribisha kwenye gogo la kwetu safari hii, ambalo lilikuwa kiti cha plastiki. Akamsikiliza mwezeshaji mpaka mwisho, kwa heshima, maana ni mgeni. Halafu akasema ni kweli wanalima kwa ngoma, lakini mwenye shamba anachinja. Anachinja, anapika, na pombe iko tayari kabla jembe halijainuka. "Ukiwaita ukawalisha maneno, mwaka wa pili unalima peke yako na mkeo. Na mkeo naye atategea."

Usiku ule, kwenye ua wa gesti, juu ya sahani ya mbuzi na ndizi za kuchoma, mkuu wetu alifungua laptopu na kutuonesha hesabu zote. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kuziona. Mhasibu aliendelea kutafuna. Fedha za mfadhili zilikuwa zinakuja kwa awamu, awamu ya pili imechelewa, na mishahara ilikuwa ndani ya hiyo awamu. Fungu la semina lilikuwepo benki, kamili, halina ruhusa ya kulipa mshahara hata wa nusu siku. Vyama vya ushirika vilivyokubali kutulipa kwa kila kilo vilikuwa havijalipwa na wanunuzi, kwa hiyo navyo havijatulipa. Ukifuata ule mlolongo mpaka mwisho, mshahara wangu wa Juni ulikuwa umelala ndani ya ghala lile la upande wa Dutwa, chini ya kilo 214 za yule mama.

Dada wa mauzo akauliza kwa nini hatukuambiwa. Mkuu wetu akasema hakutaka kututia hofu. Hapo mhasibu akapangusa mikono. Akasema hofu tunayo, tumeibandika ukutani. Tunachokosa ni karatasi. Akaomba apewe mpaka asubuhi.

Asubuhi alikuja ukumbini na kitabu cha stakabadhi alichokinunua stendi, kile chenye kaboni katikati. Alikuwa amemwandikia kila mmoja ya kwake: jina, mwezi, kiasi anachodai, na mstari wa saini ya mkuu. Mahali pa aina ya bidhaa ameandika "kazi". Mahali pa daraja wote tulipata A isipokuwa kijana wa programu, aliyepewa B kwa sababu tableti yake ilizimika mbele ya wakulima. Mkuu wetu alisoma moja baada ya nyingine. Akauliza kama hii ni lazima. Mhasibu akamjibu kwamba kaka, pale kijijini umesema uwazi ni kila mtu kujua haki yake, na umesema vizuri. Akasaini zote, na ya kwake mwenyewe akaisaini mara mbili, kama mdai na kama mdaiwa. Mwezeshaji akachukua chaki ya Maswa, akatafuta nafasi kando ya noti za kwaya, akaandika "uwazi" na kupigia mstari. Kisha akapiga picha.

Kurudi tulinunua sato Lamadi, kila mtu kwa posho yake. Kabla ya Magu tukagawiwa fomu za tathmini, tupe alama kuanzia moja hadi tano. Niliandika nne kwenye mnara wa tambi.

Wakulima wa pamba walilipwa kwa kudondoka, kidogo kidogo, serikali ikiwabana wanunuzi. Wengine walisubiri miezi mingi. Awamu yetu ya pili iliingia Oktoba, tukapata Juni na Julai, na ripoti ikaenda kwa mfadhili ikiwa na picha ya mkuu wetu akiwa hewani, amefumba macho, mikono yetu ikimsubiri. Pembeni ya picha, ukitazama sana, unaona kiwiko cha mhasibu. Halafu likaja janga la korona, mfadhili akaelekeza fedha zake kwingine, na kampuni haikuumaliza mwaka 2020. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa kwenye semina nyingine na mwajiri mwingine, nilijua kwamba Tuckman mwenyewe, akiwa na mwenzake Mary Ann Jensen, aliongeza hatua ya tano mwaka 1977: kutawanyika. Mwezeshaji wetu alitufundisha nne, na simlaumu, ndizo alizolipiwa.

Kijana wa programu yuko Nairobi. Dada wa mauzo anauza bima. Mkuu wetu ameajiriwa, na nasikia analipa watu wa chini yake tarehe ishirini na tano bila kukosa. Siku ya kufunga ofisi ya Kirumba tulikutana wote, kila mtu na karatasi zake za kaboni za miezi ya baadaye, kwa sababu ndizo zilizokuwa ushahidi pekee wa nani anadai nini, na fedha zilizobaki hazikutosha. Tukagawana vitu. Mimi nilichukua tableti mbili na feni. Mhasibu alichukua printa na jenereta, akakubaliana na mkuu bei ya kila kimoja, wakabishana kuhusu jenereta karibu saa nzima, akatoa kwenye mkoba kitabu kilekile cha stendi ya Bariadi, akaandika kwamba deni lake limekwisha, akampa mkuu asaini kwanza ndipo naye akasaini.